Meld na Git: programu ya kulinganisha faili inayowafaa waprogramu wa Goma

Kwa waprogramu wawili au watatu wanaogawana kazi moja hapa Goma, Meld ndiyo ya kujaribu kwanza. Ni ya bure, haidai akaunti wala leseni, na ukishaiweka haili hata mega moja ya intaneti. Iko ya Linux na ya Windows, kwa hiyo wenzako wote wanaona dirisha lilelile.

Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install meld`, kisha uijulishe Git, programu inayotunza historia ya msimbo wenu:

`git config --global diff.tool meld`
`git config --global merge.tool meld`
`git config --global difftool.prompt false`

Ile ya tatu inaizuia Git kukuuliza kabla ya kila faili. Kwenye Windows, Git ikilalamika kwamba haioni Meld, ipe njia kamili ya `Meld.exe` katika `mergetool.meld.path`, kwa mikwaju ya mbele (`C:/...`). `git difftool` nayo itaifuata njia hiyohiyo.

`git difftool` hufungua faili moja, husubiri uifunge, ndipo ilete nyingine. Faili zikiwa ishirini inachosha. Tumia `git difftool -d` uzione zote kama folda mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu.

Thamani yake hasa iko kwenye migongano, yaani wawili mmebadilisha mstari uleule, na hapo ndipo watu wanapoteza kazi. Tuseme faili `bei.py` ina kiwango cha dola: asili ilikuwa 2700, wewe umeandika 2800, mwenzako 2850. `git mergetool` inafungua safu tatu: kushoto yako, kulia ya mwenzako. Katikati, kwa matoleo ya sasa, ni faili ya asili, yaani 2700, kabla hamjaigusa. Wengi wanadhani katikati pameshaunganishwa. Ukihifadhi safu hiyo bila kuongeza kitu, kazi yenu wote wawili inafutika, na Git inakubali kimya kwa kuwa faili imebadilika. Weka kielekezi kwenye badiliko katika safu ya kushoto, bonyeza Alt na mshale wa kulia, badiliko lihamie katikati. Ukichagua la mwenzako, lisukume kutoka safu ya kulia kwa Alt na mshale wa kushoto. Ctrl+S, kisha funga. Ukiwa na shaka, funga bila kuhifadhi. Git ikiuliza kama umefaulu, jibu `n`.

Kuna mpangilio unaopunguza kazi hiyo: `git config --global mergetool.meld.useAutoMerge true`. Sehemu zisizogongana zinaunganishwa zenyewe, wewe unabaki na ugomvi wenyewe tu.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, usianze upya. Git inakumbuka ilipofika. Rudia `git mergetool`, italeta faili zilizobaki peke yake. Lakini angalia mabaki kama `bei_BASE_4312.py` na `bei_LOCAL_4312.py`. Yafute kwa mkono kabla ya `git add .`, la sivyo yataingia kwenye historia. Faili za `.orig`, nakala za akiba zinazobaki baada ya kuunganisha, nazo zinazuiwa kwa `mergetool.keepBackup false`.

Meld ikipaka rangi faili nzima wakati umegusa mstari mmoja, chunguza kwanza miisho ya mistari: Windows na Linux haziandiki mwisho wa mstari namna moja. Weka `* text=auto` ndani ya `.gitattributes`, kisha `git add --renormalize .` mara moja.

Udhaifu wake ni faili kubwa. Ipe nakala ya hifadhidata yenye mistari makumi ya maelfu, na kompyuta yenye RAM kidogo itaganda. Kwa faili hizo `git diff` ya kawaida inatosha. Anayetumia Windows tu anaweza kuchukua WinMerge, nayo ni ya bure. Beyond Compare ni nzuri sana, lakini ni ya kulipia, na kuunganisha safu tatu kunahitaji toleo la Pro.

Na wakati wa `git rebase`, yaani kuihamishia kazi yako juu ya tawi jingine, pande zinageuka: kushoto ni tawi unalojengea juu yake, kulia ni kazi yako mwenyewe. Soma majina yaliyo juu ya safu kabla ya kusukuma chochote.