Uzoefu wangu na chokaa ya tanuu: tulivyokarabati nyumba ya shamba Pemba

Familia yetu imeigeuza nyumba ya shamba ya marehemu babu, iliyo katikati ya mikarafuu kaskazini mwa Pemba, kuwa nyumba ndogo ya wageni wanaolala na kupata chai ya asubuhi. Nimeona niandike kuhusu kifaa kimoja tu cha ujenzi, yaani chokaa ya tanuu, kwa sababu ndicho kilichoamua kama vyumba vyetu vingelalika au visingelalika. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nyumba kongwe za aina hii zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na kuta zake zina unene wa karibu nusu mita. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua za masika, kisha huutoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Aliyeikarabati nyumba yetu miaka ya nyuma alipiga lipu ya saruji juu ya mawe hayo, nasi tukayakuta matokeo yake: unyevu uliokosa pa kutokea ulikuwa umepanda hadi usawa wa madirisha, chumvi ilikuwa imeisukuma lipu ikaumuka na kumeguka mapande mapande, na vyumba vya chini vilinuka uvundo hata madirisha yakiwa wazi mchana kutwa. Mgeni hawezi kulipia chumba kama hicho, hata akiandaliwa mkate wa kumimina na chai ya iliki kila asubuhi.

Tulibandua saruji yote na kuziacha kuta zikauke katika kipindi cha kaskazi kabla ya kupaka chochote. Chokaa tuliinunua kwa wachomaji wa kijiji cha jirani, ambao hupanga magogo, hurundika mawe ya matumbawe juu yake, na kuwasha moto hadi mawe yaive na kuwa mepesi. Mawe hayo yakimwagiwa maji huchemka yenyewe na kusambaratika, na huko ndiko kuzimwa kwa chokaa. Ubora wa kazi nzima unategemea hatua hii, kwa kuwa chokaa isiyozimwa sawasawa hubaki na chembe ngumu ambazo huja kuvimba zikiwa tayari ukutani na kuitoboa lipu vishimo vishimo. Fundi wetu, mzee aliyerithi kazi kwa baba yake, alikataa katakata kuitumia ikiwa mpya. Aliilaza shimoni chini ya maji kwa miezi kadhaa, mpaka ikawa laini kama samli. Mchanga wa pwani nao aliukataa, kwa hoja kwamba chumvi yake ingeturudisha kule kule tulikotoka.

Lipu yenyewe hupigwa kwa matabaka membamba, na kila tabaka hunyunyiziwa maji na kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, kwani chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa polepole, na ikikaushwa na jua kwa haraka hupasuka na kuwa unga. Masika yameshapita juu ya kuta hizo na sijaona lipu iliyoumuka. Vyumba vina ubaridi wakati wa mchana, shuka hazishiki ukungu, na ule uvundo umekwisha.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu ya muda mrefu ambao kazi hii huchukua. Bei ya chokaa haikutushtua. Kilichotugharimu ni ujira wa mafundi kwa kazi isiyoharakishwa, huku vyumba vikiwa havijaingiza hata shilingi. Sipendi pia kiasi cha kuni zinazoteketea katika tanuu, na mtu akiniuliza mbadala sina jibu zuri. Vilevile chokaa mbichi huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho, kwa hiyo glavu na miwani ni lazima, ingawa mafundi wazee huvicheka.

Mahali pawili hatukuitumia. Mabafu tuliyajenga upya uani kwa matofali na saruji, kwa sababu maji ya kila siku yangeila lipu ya chokaa, na tangi la maji tulilijenga hivyo hivyo. Boriti zilizooza tulizibadilisha kwa boriti nyingine za mikoko zenye urefu ule ule, na ndiyo maana vyumba vimebaki vyembamba. Wageni wachache hulalamika, nasi hatuna la kufanya.

Anayetaka kuanza kazi kama hii Pemba asipange kupiga lipu katika msimu wa karafuu. Vibarua wote huwa juu ya mikarafuu, wanakolipwa kwa wanachochuma, na nyumbani hubaki fundi mmoja akiwa na mwiko mkononi, bila mtu wa kumchanganyia chokaa.