Saiti ya pini tano kwenye miteremko ya Bahati: tathmini baada ya miezi minne

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikitumia saiti ya pini tano, yaani kifaa cha kulengea ambacho kila pini yake hupangwa kwa umbali wake, ya juu kwa karibu na ya chini kwa mbali, kwenye upinde wangu wa kapi (wenye magurudumu kwenye ncha zake), katika shamba la familia huko Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambako ardhi hupanda na kushuka kiasi kwamba ni vigumu kuyaamini macho yako yanapokuambia kuwa shabaha iko mita 30. Kifaa hiki kiliundwa kwa ajili ya wawindaji wa nchi kama Marekani, ambao hukutana na mnyama katika umbali wasioujua na huwa na sekunde chache tu za kuamua. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo nimekijaribu kwa shabaha za sponji zenye umbo la mnyama, ambazo ndugu yangu huzisimamisha vichakani bila kuniambia zilipo.

Umbo lake ni imara. Fremu ni ya alumini, pini zina nyuzi za plastiki zinazokusanya mwanga, na hata saa kumi na mbili jioni, jua linapozama, pini ya kijani huonekana vizuri kuliko ile nyekundu. Pimamaji, kile kipimo cha usawa chenye kiputo cha hewa, iliyo chini ya duara linalozizunguka pini, husomeka bila kuhamisha jicho kutoka kwenye kitundu cha ugwe, yaani tundu dogo kwenye kamba ya upinde ambalo mpigaji huchungulia.

Kilichonichukua muda mrefu ni kuzipanga pini, na hapo ndipo thamani ya saiti hii hupatikana au hupotea. Nilipima umbali kwa tepu, si kwa hatua, kisha nikaanza na pini ya juu. Kanuni ni kuifuata mishale: mishale ikipiga chini ya shabaha, pini hushushwa, ikipiga kushoto, saiti nzima husogezwa kushoto. Wengi wanaoanza hufanya kinyume na kupoteza alasiri nzima. Marekebisho ya kushoto na kulia niliyamalizia katika mita 40, kwa sababu kosa lisiloonekana katika mita 20 hujitokeza wazi huko mbali. Baada ya hapo nilizikagua nafasi kati ya pini, ambazo zinapaswa kuongezeka kidogo kidogo kadiri unavyoteremka. Nafasi ya chini ikiwa finyu kuliko ya juu yake, kuna pini uliyoipanga vibaya.

Mwanzoni nilizipanga kama maelezo ya kifurushi yanavyopendekeza, yaani pini moja kwa kila hatua ya umbali kuanzia 20. Mbele ya shabaha isiyojulikana umbali wake, mpangilio huo ulinichanganya, kwa maana pini tano zilinidai jibu sahihi ambalo sikuwa nalo. Kwa hesabu ya mshale unaoruka mita 80 kwa sekunde, kukosea umbali kwa mita 5 katika shabaha iliyo mita 20 huuhamisha mshale takribani sentimita 6, ilhali kosa hilo hilo katika mita 40 huuhamisha takribani sentimita 14. Nilipoielewa tofauti hiyo niliziondoa pini mbili, nikaziacha tatu tu: 25, 35 na 45. Sasa pini ya juu peke yake hunihudumia kutoka mita 10 hadi 28 bila mshale kwenda juu au chini zaidi ya sentimita 8, na akili yangu yote huielekeza kwenye shabaha za mbali, ambako kukisia ndiko huumiza. Kwa maoni yangu, saiti inayoruhusu pini kuondolewa kwa urahisi namna hii inastahili sifa kwa jambo hilo pekee.

Kasoro mbili zimenisumbua. Skrubu za pini hulegea kwa mtikisiko wa pikipiki kwenye barabara ya murram, na mara moja nilipiga mishale sita kabla ya kugundua kwamba pini ya 35 ilikuwa imeteleza. Tangu hapo natia alama ya kalamu kando ya kila pini. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba pimamaji haiwezi kurekebishwa kwa ajili ya kulenga mteremkoni. Upinde ukielekezwa chini, kiputo hutulia katikati ilhali upinde umeinama, na mishale yangu huenda kulia. Hilo ni tofauti na suala la umbali wenyewe, ambalo mpigaji hulimudu kwa kuhesabu umbali wa mlalo, yaani wa usawa, si ule wa kufuata mteremko: shabaha iliyo mita 40 kwenye mteremko wa nyuzi 30 hupigwa kama iliyo karibu mita 35.

Kwa anayefanya mazoezi uwanjani tambarare, kama yale mashamba ya kandokando ya Kisumu, ningemshauri ainunue bila kusita. Anayeishi miinukoni kama mimi na aongeze fedha apate yenye pimamaji inayorekebishika, hata kama itakuwa na pini tatu tu.