Mfuko wa filta nilionunua Birere: niliusifu mapema, nayafuta maneno yangu

Nilipoununua kwenye mtaa wa Birere niliwaambia wenzangu watatu tunaopiga nao picha za harusi hapa Goma: nendeni mkachukue, mfuko ni mzuri. Leo nawaomba radhi.

Nianze na haki yake, nisiseme uongo. Unafungwa kiunoni kwa mkanda, unafunguka kama kitabu, na ndani una vijumba sita vya kitambaa laini. Zamani filta zangu za milimita 77, vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi, zilikaa kwenye visanduku vyake vya plastiki, kila kimoja kwenye kona yake ya begi. Anayelijua ziwa Kivu saa sita mchana anajua maji yanavyowaka kama bati jipya. Bila polaraiza, filta inayokata mng'ao wa maji, bibi harusi anasimama mbele ya weupe mtupu. Mawingu yakikupa dakika mbili, kisanduku utakifungua saa ngapi? Kwa mfuko huu mkono ulikuwa unakwenda wenyewe: kijumba cha kwanza polaraiza, cha pili ND, filta ya kupunguza mwanga, ya stopu sita, ile inayopitisha sehemu moja tu ya mwanga kati ya 64. Nafunga, nazungusha, napiga. Nilifurahi kweli.

Shida ni velkro, ule utepe wa vindoano unaofunga kifuniko. Kelele zake kwanza: kanisani, katikati ya kiapo, nilifungua mfuko na padri akageuka kunitazama. Hilo ningelivumilia. Lakini vumbi la Goma si vumbi la mahali pengine. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, na hadi leo tunaikanyaga, magari yanaisaga, pikipiki zinaitimua. Vindoano vya velkro vilishiba vumbi hilo jeusi mpaka vikaacha kunasa. Kifuniko kikabaki wazi, vumbi likashuka vijumbani, na kile kitambaa laini kikalishika kama msasa.

Jioni moja, msimu wa mvua uliopita, niliiinamisha polaraiza kwenye mwanga wa dirisha. Niliona vijistari vyembamba kama nywele, vingi, vyote vimelala upande mmoja. Upande ule ule ninaouvutia ninapoitoa. Niliketi chini. Filta ile niliinunua kwa malipo ya harusi mbili.

Nikarudi kwa muuzaji, kwa heshima kabisa, nikamwonyesha. Akaichukua kwa kubandika kidole gumba katikati ya kioo, akaipulizia pumzi, halafu akaifuta kwa pindo la jaketi lake. Jaketi la mtu aliyeshinda barabarani kutwa nzima! Nilipiga kelele. Yeye akacheka mbele ya wateja: "Mama, hii kioo iko tu sawa. Ni weye unaingizaka vumbi." Nikamwambia, papa, mimi sikuja kugombana, niambie tu kama kuna mfuko mwingine wa zipu. Akanigeuzia mgongo, akaanza kumhudumia mtu mwingine. Hata "pole" hakusema.

Nimelifikiria sana hilo neno lake, kwa sababu labda kuna ukweli ndani yake. Nilikuwa nauweka mfuko chini, kwenye mawe. Sikuwa naukung'uta kila jioni. Anayefanya kazi studioni, kwenye sakafu safi, pengine utamdumu miaka. Kwa huyo ningesema nunua.

Hapana, hata huyo asinunue. Mfuko wa kubebea kioo ambao mdomo wake haufungi si mfuko, na anayeuuza katika mji huu anajua vumbi la mji huu. Asitupie lawama mteja.

Sasa fundi cherehani mmoja wa Katindo amenishonea mwingine: kifuniko kirefu kinachopinda mara mbili na kufungwa kwa kifungo, na vijumba vinavyotoka ili nivifue. Ni mzito kidogo, kifungo kinakula sekunde mbili zaidi, lakini nalala usingizi. Ule wa Birere nabebea betri.

Polaraiza bado naitumia kwa kuwa sina nyingine. Jua likiipiga kwa ubavu, vile vijistari vinatandaza ukungu usoni mwa bibi harusi, nami namwomba asogee kivulini bila kumweleza sababu.