"Grisi ni grisi," aliniambia, na bastola ikakwama ikiwa na risasi tatu ndani

Kopo lenyewe la grisi bado ninalo. Liko kwenye rafu ya gereji, limebaki robo tatu, na kila nikipita hapo moyo unachafuka upya. Sijalitupa kwa sababu nataka siku moja nirudi nalo dukani, niliweke mezani mbele ya yule kijana aliyeniuzia.

Ninaishi Louisville, Kentucky. Bastola yangu ni nakala ya Remington ya 1858, ile ya baruti nyeusi isiyotumia risasi za ganda. Ni gobori la mkononi, ndivyo ninavyowaeleza Waswahili wenzangu wakaelewa mara moja: unamimina baruti kwa mbele katika kila tundu la silinda, unashindilia goroli ya risasi kwa wenzo ulio chini ya mtutu, halafu kwa nyuma unavika fataki, kile kikofia kidogo kinachowasha baruti. Imetengenezwa Italia, huko Gardone Val Trompia. Urefu wa mtutu na uzito wake vimeandikwa kwenye boksi, atakaye akasome. Mimi nimekuja kusema habari ya grisi.

Siku ile nilikwenda dukani nikijua cha kuuliza. Nimekulia Tunduru, na babu yangu alikuwa na gobori lenye kibali, la kufukuzia nguruwe na nyani kwenye mahindi. Babu hakuwahi kulipaka gobori lake kitu cha gereji. Alikuwa na kibuyu kidogo chenye shahamu, imeganda rangi ya maziwa, na humo ndimo alimochovya kitambaa. Akirudi shamba alichemsha maji kwanza, akaosha mtutu mpaka maji yakatoka meupe, akaukausha, akapaka shahamu, ndipo akanawa mikono akale. Nilikuwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kushika birika. Kwa hiyo nilipoliona lile kopo limeandikwa kwamba linafaa silaha zote, nikasita.

Nikamuuliza kijana wa kaunta: hii inafaa kwa baruti nyeusi? Hakuinua hata macho kwenye simu. "Grisi ni grisi." Nikamwambia kwa upole, nimesikia grisi ya petroli haipatani na baruti hii. Hapo ndipo alipoinua macho. Akamgeukia mwenzake, akacheka, akamuuliza kwa sauti ya kusikika eti kwetu tunapigana kwa bunduki au bado ni mikuki. Mwenzake naye akacheka. Mimi nikatoa kadi nikalipa. Hilo la kulipa ndilo linaloniuma zaidi kuliko kicheko chao.

Ilikuwa kiangazi, joto la kulowesha shati kabla hujashuka garini. Uwanjani nikajaza matundu matano, la sita nikaliacha tupu chini ya mtambo, ile nyundo inayogonga fataki, nikapaka grisi ile midomoni mwa matundu na kwenye pini ambayo silinda huzungukia. Raundi ya kwanza ikatoka vizuri, moshi mweupe umetanda, nikafurahi. Ya pili, risasi ya kwanza, ya pili, na nilipovuta mtambo kwa ajili ya tatu silinda ikagoma. Haikusogea hata unywele. Nikasukuma kwa dole gumba, wapi. Mkononi nina bastola yenye matundu matatu yaliyojaa, fataki zimevikwa, haizunguki na haifunguki.

Asiyewahi kufika hapo asiniambie ni jambo dogo. Huwezi kuiweka mezani ukaenda kuomba msaada, huwezi kugeuka nayo, huwezi kuipigapiga. Nilisimama nimeielekeza kwenye tuta la udongo, jasho linaingia machoni chini ya miwani, na msimamizi amesimamisha mstari mzima kwa ajili yangu. Watu wote wananitazama. Na mimi nayasikia yale maneno ya mikuki.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa meza ya mwisho, ndevu nyeupe mpaka kifuani, mtu anayekwenda Friendship, Indiana, kwenye mashindano ya wapiga magobori kila mwaka. Alikuja polepole na chupa ya maji yenye sabuni kidogo. Akaniambia nisiondoe mtutu kwenye tuta wala kidole nisikiguse kifyatulio, kisha akadondosha maji pale silinda inapokutana na mtutu, na mengine kwenye kichwa cha pini. Tukasubiri. Akadondosha tena. Baada ya muda niliouona mrefu kama usiku wa mgonjwa, silinda ikaachia kwa mkwaruzo, nikaizungusha kidogo kidogo nikitoa fataki moja moja kupitia ule uwazi mdogo wa upande wa kulia. Zilipotoka zote tatu ndipo magoti yangu yakaanza kutetemeka.

Tulipochomoa pini, mzee akaifuta kwa kitambaa cheupe na kunionyesha. Lami. Lami kabisa, nyeusi, ya kunata, na pembeni imekauka ngumu kama ukoko wa chungu. Baruti nyeusi si kama baruti za kisasa. Ni shura, mkaa na salfa, na zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa inapoungua. Inabaki kama masizi na chumvi. Ukiyakutanisha masizi hayo na grisi ya petroli kwenye joto lile, unapika lami. Shahamu na nta huyafanya yabaki laini, yakafutika kwa kitambaa cha maji. Remington nayo ina pini nyembamba isiyo na mifereji ya kushika grisi, hivyo ndiyo ya kwanza kuumia. Babu yangu hakwenda shule hata siku moja na alilijua hili. Yule kijana anauza silaha kwa mshahara, halijui, na anamcheka anayemuuliza!

Sasa lazima niseme na hili, maana haki ni haki. Njiani kurudi nyumbani niliilaani bastola. Nilimwambia mama watoto kwamba Mtaliano kanila pesa, kwamba wiki hiyo hiyo naiuza. Nayafuta maneno yale yote. Bastola haina kosa hata moja. Mzee alinipa kipande cha grisi yake nikajaribu, na tangu siku ile haijakwama. Kama ni nyota, bastola naipa tano na ningeongeza ya sita.

Grisi sasa naipika mwenyewe. Shahamu ya kondoo naipata kwa mchinjaji wa Kisomali, ananipa karibu bure maana wengine wanaitupa. Naiyeyusha na kuichuja, naichanganya na nta ya nyuki, sehemu mbili za shahamu kwa moja ya nta, na wakati wa baridi naongeza mafuta ya zeituni kidogo isiwe ngumu kama sabuni. Sufuria naiweka ndani ya sufuria nyingine yenye maji, siiweki motoni moja kwa moja, kwani shahamu ikishika moto jikoni ni msiba mwingine. Nachovya humo viduara vya sufu vilivyokatwa kwa kipimo cha tundu, naviacha vigande.

Hivyo viduara ndivyo vilivyonifanya niache kupaka grisi midomoni. Grisi ya mdomoni, hata iliyo nzuri, mlipuko wa risasi ya kwanza huipeperusha kutoka kwenye matundu ya jirani, na joto la Julai huifanya itiririke mpaka mkononi. Kiduara kinakaa kati ya baruti na goroli, hakitoki mpaka kitolewe na moto. Wapo wanaoapa kwamba bila grisi ya mbele moto utaruka na kuwasha matundu mawili matatu kwa pamoja. Wengine wanasema moto huo hupenya kwa nyuma, kwenye fataki zilizolegea. Mimi nimeamua kuziba pande zote mbili. Goroli yangu lazima iwe kubwa kidogo kuliko tundu, kiasi kwamba ukiishindilia inanyolewa kipete chembamba cha risasi, unakiona kinabaki mdomoni kinang'aa kama pete ya mtoto. Usipokiona kipete hicho, goroli yako ni ndogo, itoe. Na fataki iwe ya namba inayolingana na chuchu za silinda yako, vile vijibomba vya nyuma vinavyovikwa fataki. Ya kulegea uifinye au uiache, na uisukumie kwa kijiti cha mti.

Kuna mambo mengine mzee aliyonishika mkono nayo. Kabla ya kujaza chochote, lipua fataki tupu kwenye kila tundu, mtutu ukiuelekeza kwenye jani la chini: jani likitikisika njia iko wazi, na mafuta uliyoipaka ikae kabatini yameungua. Baruti imiminwe kutoka kwenye kipimo, isitoke kwenye chupa moja kwa moja, maana cheche iliyojificha tunduni ikiwahi chupa unalo bomu mkononi. Goroli ikae juu ya mzigo wake pasiwe na nafasi. Ukipenda baruti kidogo, jaza nafasi kwa unga wa mahindi, ndiyo, unga huu huu wa ugali. Fataki ni za mwisho kabisa, ukiwa umesimama kwenye mstari, mtutu mbele. Fataki ikilia baruti isiwake, shikilia pale pale uhesabu dakika nzima. Baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za kisasa, usiipeleke hata karibu ya meza, itaipasua silinda. Na ukifika nyumbani maji ya moto na sabuni siku hiyo hiyo, kwani masizi hayo hunywa unyevu wa hewani na asubuhi utakuta kutu.

Hukumu yangu juu ya kopo basi. Nilipokaa kuandika nilitaka kuwa mpole. Nilitaka kusema grisi si mbaya, imetumika mahali pasipo pake. Nimeipaka bawaba za mlango wa gereji na mlango haulii tena. Nyota mbili, tatu kwa anayetaka ya mlango. Nilirudi dukani nikiwa mtulivu, bila kopo, nikaeleza yaliyonipata, nikaambiwa kopo lililofunguliwa halirudishwi. Sawa, hiyo ni sheria ya duka, nikainyamazia.

Lakini juzi juzi uwanjani amekuja kijana wa Kikongo, mtu wa Bukavu, bastola yake mpya kabisa bado ina mafuta ya kiwandani. Akafungua mkoba, akatoa kopo lile lile. Nikamuuliza amelinunua wapi. Duka lile lile. Nikamuuliza walimwambia nini.

"Papa, waliniambia grisi ni grisi tu."

Nyota zote nazirudisha. Kopo lililoandikwa "silaha zote" lisilosema neno moja juu ya baruti nyeusi linadanganya, na duka lililosikia kwa masikio yake yaliyonipata, likaendelea kumuuzia mtoto wa watu vile vile, silipi hata nusu nyota. Hapo si ujinga tena, wameambiwa.

Kijana alikuwa ameshamimina baruti matundu mawili na ananyoosha kidole kuchota grisi. Nikamshika mkono. Tukalipitisha lile kopo upande wa pili wa meza, nikamkatia kipande cha grisi yangu kwa kisu, nikampa viduara kumi na viwili vya sufu na kijiti cha kusukumia fataki. Alikinusa kipande kile, akasema kinanuka mbuzi.

"Kondoo," nikamwambia. "Shindilia taratibu, uangalie kipete."