Anki kwa msamiati wa GRE: uzoefu wangu nikiwa Nairobi

Kwa kukariri msamiati mgumu wa Kiingereza wa GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili, sijaona programu ya bure inayoipiku Anki, ambayo hukuonesha kadi za maswali na kukupangia lini kila moja irudiwe. Pia sijaona iliyo rahisi kuitumia vibaya kama hiyo. Ikimshinda mtu, mara nyingi chanzo ni kadi zilizoandikwa ovyo, au maneno mapya mengi mno kwa siku.

Bei kwanza, tusikae sana hapo. Kwenye kompyuta ni bure, iwe Windows, Mac au Linux. Kwenye Android unapakua AnkiDroid, nayo ni bure. Toleo la iPhone linauzwa kama dola 25, unalipa mara moja tu; asiyetaka kulipa anaweza kutumia AnkiWeb kwenye kivinjari, mradi awe na intaneti. Angalia jina vizuri unapopakua, maana zipo programu zenye majina yanayokaribiana na hili, hazina uhusiano wowote na Anki, na huomba malipo ya kila mwezi. Kwa mtu wa Nairobi, faida kubwa ya AnkiDroid ni kwamba kadi zote zinakaa ndani ya simu. Matatu ikikwama Thika Road unaendelea kusoma bila bando, na stima ikipotea nyumbani hujapoteza kitu.

Kabla ya kugusa mipangilio, uelewe mtihani unavyotumia msamiati. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa hadi saa 1 na dakika 58. Sehemu ya lugha ina vipande viwili: maswali 12 kwa dakika 18, halafu 15 kwa dakika 23, na ugumu wa kipande cha pili hutegemea ulivyofanya cha kwanza. Takriban nusu ya maswali hayo ni ya kujaza pengo. Mengine yana pengo moja hadi matatu, na ukikosa moja kati ya matatu hupati alama yoyote ya swali hilo. Mengine yana pengo moja na maneno sita, unachagua mawili yanayoipa sentensi maana ileile. Maswali ya vinyume na ya mlinganisho wa maneno yaliondolewa mwaka 2011, kwa hiyo seti yoyote ya kadi inayokuchosha kwa vinyume imepitwa na wakati.

Kwa ufupi, hakuna swali linaloweka neno peke yake na kukuuliza maana. Kadi yenye neno mbele na fasili nyuma inakuandaa kwa swali ambalo halipo. Hapo ndipo seti zilizokwisha kutengenezwa, ambazo ni nyingi na za bure, zinapoangusha watu. Nyingi hutoa maana moja tu ya neno, tena ile ya kawaida. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi hatuponzwi sana na neno geni kabisa. Tunaponzwa na neno tunalodhani tunalijua. "Qualified praise" ni sifa zenye masharti, wala haisemi chochote kuhusu vyeti. "Want" huweza kuwa upungufu, "flag" kulegea, "check" kuzuia, na "plastic" kitu kinachofinyangika. "Enervate" husikika kama kutia nguvu, kumbe ni kudhoofisha. Hata Kiingereza cha bungeni kwetu kinaweza kukuchezea: hapa "to table a motion" ni kuiwasilisha hoja, lakini kwa Mmarekani ni kuiweka kando isijadiliwe. Mtihani huu hutungwa Marekani.

Kadi ninayoipendekeza ni ya aina ya "Cloze", yaani sentensi yenye pengo. Kwenye kompyuta andika sentensi nzima, weka alama kwenye neno, kisha bonyeza Ctrl, Shift na C kwa pamoja. Sentensi lazima iwe na kidokezo ndani yake. "Her replies were ___" haifai, kwa sababu maneno elfu yanaingia hapo. "Her replies were so ___ that the whole interview fit on half a page" inafaa, kwa kuwa nusu ukurasa ndiyo inayodai neno. Bado kuna tatizo: "laconic" linaingia, na "terse" linaingia pia. Ukiiacha kadi hivyo, utajibu sawa na programu ikuoneshe neno jingine, nawe utabonyeza kwamba umekosa. Dawa ni kuongeza herufi ya kwanza kama kidokezo: ndani ya mabano ya pengo, baada ya neno, andika nukta pacha mbili zikifuatana, kisha "l".

Nyuma ya kadi weka mambo matatu tu: maana kwa maneno machache, pacha mmoja wa neno (kisawe chake), na jirani wa hatari. Kwa "laconic", pacha ni "terse", na jirani wa hatari ni "taciturn", ambalo humweleza mtu asiyependa kuongea, si majibu yake. "Reticent" nalo ni mtu anayezuia asiseme alilo nalo moyoni. Tofauti ndogo kama hizo ndizo zinazopimwa kwenye maswali ya maneno sita. Mtego wake ninaoupenda (kama mtego unaweza kupendwa) ni maneno mawili yenye maana moja yanayokaa kwenye orodha kama chambo huku hayakubaliani na sentensi. Aliyekariri visawe bila sentensi huyachagua bila kusita.

Kuandika kadi moja kwa moja kwenye simu kunachosha. Mimi naziandaa kwenye jedwali la kompyuta kisha naziingiza zote kwa pamoja. Hifadhi faili kwa UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi, utauona unapohifadhi) na utenganishe safu kwa tabo badala ya mkato. Sentensi za Kiingereza zimejaa mkato, na faili isiyokuwa na alama za nukuu mahali pake hukata sentensi katikati, nusu ikaenda kwenye uga wa maana.

Sasa idadi. Anki huja ikiwa imewekwa kadi mpya 20 kwa siku. Inaonekana kidogo hadi marudio yaanze kurundikana: kwa mwendo huo, marudio hufika karibu 200 kila siku. Ukikosa Jumamosi na Jumapili, Jumatatu unakutana na mlima. Kwa mtu mwenye kazi, kadi 10 kwa siku zinatosha. Ndani ya miezi 3 hayo ni maneno yapata 900, na marudio yanabaki karibu 100. Pia washa FSRS, mfumo mpya wa kupanga marudio, kwenye mipangilio ya seti. Kiwango cha kukumbuka kiache kwenye asilimia 90. Kukipandisha hadi 95 kunavutia, ila kazi ya kila siku huongezeka mno kwa faida ndogo.

Vitufe ni vinne: "Again", "Hard", "Good" na "Easy". Kosa linaloharibu kila kitu ni kubonyeza "Hard" ulipokuwa umesahau. Kwa programu, "Hard" maana yake umekumbuka kwa taabu, kwa hiyo inakurefushia muda kabla ya kadi kurudi, na FSRS inajifunza uongo kuhusu kumbukumbu yako. Umesahau? "Again", bila huruma. Kadi ikikushinda mara 8 baada ya kuwa umeijua, Anki huiwekea alama ya "leech", yaani kadi sugu, na kutegemea mipangilio yako inaweza kuisimamisha. Usiendelee nayo kama ilivyo. Karibu kila mara utakuta inagongana na kadi nyingine, kama "tortuous" na "torturous", na kinachotakiwa ni sentensi mpya inayozitenganisha.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba haikufundishi kusoma mantiki ya sentensi: "although" inapogeuza maana, au nukta mkato inaporudia wazo lililotangulia. Kwa hilo tumia POWERPREP Online, mitihani ya majaribio ya ETS, watungaji wa GRE; miwili ni ya bure, na usiimalize yote mapema. Kila neno lililokuangusha humo lifanye kadi jioni hiyohiyo.

Wiki 3 kabla ya mtihani, weka kadi mpya kuwa sifuri, kwani kadi iliyoingia wakati huo haitapata marudio ya kutosha. Badala yake tengeneza seti ya kuchuja ("Filtered Deck") kwa kuandika prop:lapses>=4 kwenye kisanduku cha utafutaji. Itakukusanyia maneno sugu pekee, uliyoyasahau mara 4 au zaidi, na hayo ndiyo ya kushughulikia hadi siku yenyewe.