Skrini ya Projekta: Uliza Mawimbi Kabla ya Kuuliza Inchi

Mechi ilikuwa imekaza. Mpira wa adhabu ukapigwa, kamera ikaufuata mbio kutoka kushoto kwenda kulia, na mwanangu akaniuliza, "Mama, mbona mwamba wa goli unacheza?" Nikadhani ni macho yake. Marudio yalipoonyeshwa nikaona kwa macho yangu: mwamba ulipinda, ukanyooka, ukapinda tena ulipokaribia ukingo wa skrini, na mistari ya uwanja ikajinyonganyonga kama nyoka. Skrini ilikuwa ya mota, inchi 120, haijamaliza miezi mitatu ukutani.

Nilimpigia muuzaji. Akasema kitambaa kitajinyoosha chenyewe kikishazoea kuning'inia. Nikasubiri, na mawimbi yakaongezeka, mpaka yakachora umbo la V kuanzia pembe za juu hadi katikati. Ukishayaona mara moja huwezi tena kutoyaona. Kila kamera inapozunguka, jicho linakimbilia kwenye wimbi badala ya hadithi.

Kwa hiyo hapa sitakueleza habari za uwiano wa 16:9 wala namna ya kupima ukuta wako. Nitapanga skrini kwa jambo moja ambalo maduka hayaliandiki kwenye boksi: je, kitambaa kimewambwa, au kimetundikwa tu?

Skrini ya kawaida ya kuvuta, na nyingi za mota, ni shuka la vinili lililoning'inia kwenye bomba, na chini lina fimbo ya uzito. Uzito huo unavuta kwenda chini peke yake. Hakuna kinachovuta kwenda kushoto na kulia. Bomba likiwa refu linalegea katikati. Kitambaa nacho kina tabaka la mbele na la nyuma, na joto au unyevu ukibadilika tabaka hizo hazitanuki sawasawa, basi kingo zinaanza kujikunja. Ndiyo maana skrini ile ile iliyokuwa safi siku ya kufungwa inaharibika baadaye, na muuzaji ana nafasi ya kukuambia kosa ni lako.

Madhara yake yanategemea projekta yako. Chukua skrini ya inchi 100, ambayo upana wake ni kama sentimita 221. Projekta ikiwa mita 3 kutoka ukutani, wimbi lenye kina cha sentimita 1 kwenye ukingo linasogeza picha kwa karibu milimita 4. Linaudhi, lakini wapo wanaovumilia. Sasa chukua zile projekta zinazokaa juu ya kabati chini ya skrini. Mwanga wake unapanda ukutani kwa mshazari mkali: ukitoka sentimita 50 mbele ya ukuta kwenda kupiga sentimita 150 juu, wimbi lile lile la sentimita 1 linahamisha picha kwa sentimita 3. Uso wa mtu unageuka kibonzo. Ukiwa na projekta ya aina hii, skrini ya kuvuta isiyowambwa usiiguse hata ukipewa bure.

Namba moja kwangu, bila mjadala, ni skrini ya fremu. Kitambaa kinawambwa pande zote nne kwenye fremu ya alumini kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma, na hakitoki hapo tena. Mimi ni shabiki wa Elite Screens, kampuni ya kutengeneza skrini, na sifichi. Sable Frame yao ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya mawimbi nyumbani kwangu: fremu imevishwa mahameli nyeusi inayomeza mwanga uliovuka mpaka wa picha, na kitambaa cha CineWhite kina geini (kipimo cha mwanga ambao kitambaa kinaurudisha kwa mtazamaji) ya 1.1, yaani kinarudisha mwanga kwa kiasi tu, bila makeke. Kuifunga kunataka watu wawili na uvumilivu. Itandikeni sakafuni juu ya shuka safi, na mkianza kuwamba, fungeni upande mmoja kisha wa mkabala wake, msizunguke kama saa. Ukizunguka, pembe ya mwisho itakusumbua.

Mwenye projekta ya kukaa karibu na ukuta abaki hapo hapo kwenye fremu, ila achague kitambaa cha kuzuia mwanga wa dari. Kwenye Elite familia hiyo ni Aeon CLR. Kitambaa hicho kina meno madogo mno yanayopokea mwanga kutoka chini na kuukataa unaotoka juu, kwa hiyo hakifai kabisa kwa projekta ya kuning'inia darini. Nimewahi kuona wauzaji wakikisifu kwa kila anayeingia, na hilo linaniuma, kwa sababu mnunuzi anakuja kujua picha yake imefifia akiwa ameshalipa na ameshatoboa ukuta.

Ikiwa ukuta lazima ubaki wazi mchana, basi namba mbili: skrini ya mota yenye nyuzi za kuwamba pembeni. Kila ukingo wa kitambaa umekatwa kwa upinde mdogo kuingia ndani, na uzi umepitishwa kutoka juu hadi kwenye fimbo ya chini ili kuuvuta nje. Tafuta Saker Tab-Tension au CineTension. Lakini soma jina mpaka mwisho, kwa maana kampuni hiyo hiyo ninayoipenda inauza pia za mota zisizowambwa. Neno "Tension" likikosekana kwenye jina, uliza. Ukiangalia picha ya bidhaa, nyuzi utaziona zimejitokeza pembeni. Usipoziona, hazipo.

Stewart Filmscreen, waliopo tangu 1947, wanatengeneza StudioTek 130 ambayo wakaguzi wengi wa projekta huitumia kama kipimo. Ni nzuri kweli. Kwa bei yake, hata hivyo, mtu anaweza kununua projekta nyingine na chenji ikabaki, kwa hiyo naipa heshima yake na kuendelea.

Na hapa niseme lililonijaa kifuani. Wauzaji wanakutoza zaidi kwa geini kubwa, na wengi wenu hamuihitaji. Sinema ya kibiashara inalenga mwangaza wa kandela 48 kwa mita ya mraba. Projekta inayotoa lumeni 1,000 za kweli (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta) kwenye inchi 100, kitambaa cha geini 1.0, inakupa takriban kandela 115 chumba kikiwa giza. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Geini ya juu inakuletea doa linalong'aa katikati, na anayekaa pembeni ya kochi anaona picha hafifu. Kisha kuna lile neno "4K" wanaloligonga kwenye boksi. 4K ni hesabu ya pikseli, zile nukta za picha, na kitambaa hakina pikseli! Kinachotakiwa ni uso laini usio na chembechembe za kuonekana, basi. Na zile picha za tangazo ambamo mandhari imebandikwa kwa kompyuta juu ya skrini nyeupe, hazikuonyeshi kitambaa hata kidogo. Mwambie muuzaji akutumie picha ya skrini tupu, taa imewashwa kutoka ubavuni. Akikataa, ondoka.

Za bei ya chini: vitambaa vya poliesta vinavyokuja vimekunjwa kwenye mfuko havinyooki, hata vikiandikwa kuwa havikunjamani. Ukuta wenye lipu laini na rangi nyeupe isiyong'aa unavishinda, na unaishinda pia skrini ya kuvuta ya bei rahisi, kwa sababu ukuta haupigi mawimbi.

Mzigo ukifika, usitie saini kabla hujafungua. Kitambaa kiwe kimeviringishwa kwenye bomba, si kukunjwa. Mkunjo mkali wa vinili hautoki. Ukishaifunga, zima taa, shika tochi ubavuni mwa skrini, umulike sambamba na uso wake. Kisha onyesha picha ya mistari ya miraba kutoka kwenye projekta, uifuate kwa jicho kutoka ukingo hadi ukingo. Piga picha zote mbili siku hiyo hiyo, na urudie kila mwezi mpaka muda wa dhamana uishe.