Broth of a Boy (1959): Ukitaka kukusanya, anza na karatasi

Kila anayekusanya vitu vya sinema za Ireland anakimbilia filamu maarufu ya The Quiet Man. Mwache akimbie. Mimi nakuelekeza kwenye Broth of a Boy, kichekesho kidogo kisichogombewa: mtayarishaji wa televisheni wa Uingereza anamgundua katika kijiji cha Ireland mzee kuliko watu wote duniani, anataka kurekodi sherehe ya kuzaliwa kwake, na mzee anakataa katakata.

Anayeigiza mzee huyo ni Barry Fitzgerald, mwigizaji wa Ireland, yule aliyevunja kichwa cha Oscar yake ya plasta (Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeadimisha metali) akijinoa kwa gofu. Alifariki Januari 1961, kwa hiyo hapa unanunua kazi yake ya mwisho mwisho, iliyopigwa Ardmore, studio ya Bray iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1958 tu.

Chaguo langu la kwanza ni bango la Uingereza, lile la kulala, inchi 30 kwa 40. Mikunjo isikutishe, enzi hizo mabango yalisafirishwa yamekunjwa. La kukutisha ni lile lisilo na mkunjo hata mmoja, linalong'aa kama kalenda ya mwaka huu: huenda ni nakala iliyochapishwa juzi. Omba picha ya upande wa nyuma na ya kingo. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, achana naye.

La pili, picha zilizobandikwa milangoni mwa kumbi za sinema. Ni ndogo, hutumwa bila shida, na ukikosa seti nzima, chukua moja yenye sura ya Fitzgerald. Nyingine zinaweza kusubiri.

Mkanda wa milimita 16 nauweka wa tatu, ingawa najua wenye projekta watanigombeza. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa hiyo haitageuka wekundu kama mikanda mingi ya rangi ya zamani. Lakini fungua kopo unuse: harufu ya siki maana yake asetati, yaani plastiki ya mkanda, imeanza kuoza, na uozo huo hautibiki. Tena gesi yake huharakisha kuoza kwa mikanda iliyo jirani. Kwa joto na unyevunyevu wa Mombasa au Zanzibar, mimi nisingethubutu.

DVD ni ya kutazama tu. Ya Uingereza au Ireland huwa ya kanda ya 2 (kanda ni namba ya eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa), na deki nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Kenya na Tanzania ni za kanda ya 5. Hakikisha yako inasoma kanda zote kabla hujalipa.